Kisu cha Mama Kinavuta Sindano

Baba,

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba barua huanza kwa kuuliza hali ya anayeandikiwa. Yako siwezi kuiuliza. Ya kwetu nitakueleza, ila ujue mapema kwamba si njema. Naandika mchana kweupe, mlango umefungwa, kwenye ile meza yako ya kutengenezea redio. Niliiunga kwa misumari baada ya kupasuka, na bado inayumba.

Mvua zimerudi. Juzi wingu lilisimama upande wa mtoni, jeusi tititi, kisha radi ikapiga huko mbali porini wanakotundika mizinga ya nyuki. Haikugusa mtu. Lakini Mama aliposikia ule mlio alidondosha ungo wenye unga, akaingia ndani, akakaa chini na kujifunika khanga kichwani. Mimi nilikimbilia mlangoni. Sikuangalia juu, Baba. Niliangalia njia, kama kuna watu wanakuja.

Naogopa watamuua Mama. Nimeliandika hilo neno sasa hivi na nimetaka kulifuta, lakini nimwambie nani kama si wewe?

Acha nikueleze tangu pale ulipotuacha, maana mengine huyajui.

Siku ile mimi nilikuwa natoka Mpanda mjini na betri zako kwenye kikapu. Nilikuta watu wamejaa uani na wewe umelazwa kwenye mkeka, uso umetulia, kama umepitiwa na usingizi ukisikiliza taarifa ya habari. Wengine walikuwa wanakulilia. Mimi, Mungu anisamehe, niliingia kwanza kwenye chumba chako cha kazi. Meza ilikuwa imepasuka katikati. Ule waya wa antena ulioutoa juu kwenye mlingoti wa mianzi ukaupitisha dirishani haukuwepo tena. Ulikuwa umeyeyuka, umeacha mstari mweusi ukutani kutoka dirishani hadi mahali ulipokuwa umekaa. Nikajua palepale. Radi ilifuata waya wako.

Lakini wale watu uani hawakuingia kuangalia ukuta. Wao walikuwa wanaulizana jambo moja tu: mke alitoka ndani muda huohuo kwa nini? Alitoka kwa sababu mihogo yake ilikuwa imeanikwa kwenye jiwe na manyunyu yameanza. Mwanamke gani wa huku anaacha mihogo inyeshewe? Wanawake wote wa kijiji walikuwa nje wakianua mihogo muda ule. Ila mume aliyekufa ni wa mmoja.

Bado wakati huo yalikuwa maneno ya chini chini tu. Kilichotumaliza ni kisu.

Ilikuwa siku ya kuanua matanga. Wanawake walikuwa wamekaa nyuma ya nyumba wanamenya viazi, na Mama Nestori, jirani yetu uliyekuwa unamtengenezea redio bure, alikuwa anashona gunia lililotoboka. Kisu kimoja kikapungua, akaagiza aletewe kile cha Mama kilichokuwa kwenye rafu juu ya meza yako. Akakiweka karibu na magoti yake, na sindano yake iliyokuwa mkekani ikaruka ikanata kwenye kile kisu. Akaitoa. Ikanata tena. Alikirusha mbali, akapiga kelele mpaka wanaume waliokuwa kwenye pombe wakasimama. "Uwii! Kisu kinavuta! Hiki si kisu, jamani, hiki kina mtu ndani!"

Waliondoka viazi vikiwa nusu, Baba. Kwenye matanga yako. Jioni yake maneno yalikuwa yamekamilika, na huenda leo yanasimuliwa hivyo mpaka huko mbali Sibwesa: kwamba radi ya kutumwa ikishamaliza kazi inarudi kwa mwenyewe kulala kwenye chuma chake, na chuma hicho huanza kuvuta. Na kisu ni cha nani? Cha mjane. Na mjane ni mtu wa wapi? "Nyie Warundi mna mambo yenu." Tumelima udongo huu tangu mimi niko mgongoni, na neno hilo lilikuwa limewekwa tu mahali, likisubiri siku yake.

Najua ungecheka. Ungechukua kile kisu, ungezoa misumari yote ya kijiji kwa kujionyesha. Wewe ndiye uliyenieleza, nikiwa nakushikia taa huku umefungua spika ya kanisani, kwamba ndani ya chuma kuna sumaku ndogo ndogo zisizohesabika, na kila moja inatazama kwake, kama watoto wa shule kabla kengele haijalia. Ndiyo maana chuma cha kawaida hakivuti kitu. Umeme mwingi ukipita karibu, zote zinageuka na kutazama upande mmoja, na hapo chuma kimekuwa sumaku. Hukuishia kunieleza. Watu walikuletea dinamo za baiskeli zilizochoka, taa inawaka kama kibatari kinachoisha mafuta, nawe ukaizungushia sumaku yake waya, ukaugusisha waya kwenye betri ya gari, mara moja, cheche ikaruka, na dinamo ikapona. Radi ni umeme kushinda betri zote za Mpanda. Imepita sentimita chache kutoka kwenye rafu ya kisu. Sasa kisu kingefanyaje, kisivute?

Nikaona jambo ni jepesi. Hapo ndipo niliponogewa na akili yangu.

Nilikwenda kwa Mzee Kashindye, kamanda wa sungusungu, nikiwa na waya, msumari mpya na betri ya lori niliyoazima kwa mtu wa mbao. Nikamwomba aite watu. Nikauzungushia msumari waya mbele yao, nikagusisha, cheche ikaruka, nikaunyanyua msumari ukiwa umebeba pini. Nikasema, mnaona? Ni umeme tu. Nilitabasamu kabisa, Baba, kama unavyotabasamu wewe redio ya mtu ikianza kuongea. Hakuna aliyetabasamu. Walirudi nyuma wote kwa pamoja. Mzee mmoja akasema polepole, "Kumbe na binti anaweza." Na mwingine akajibu, "Mama yake kamfundisha."

Sijawahi kuogopa namna ile. Nilikusanya waya wangu, nikajitwika betri, nikaondoka.

Kuanzia hapo wakaacha kuleta redio. Kisimani mtu akiniona anachukua ndoo yake hata kama haijajaa. Vijana wanapita mbele ya nyumba yetu bila shughuli, wanatazama mlango na dirisha kama watu wanaopima. Kwenye kijiji cha mbele yetu, ulipokuwa hai bado, kuna bibi aliyekatwa mapanga akiwa anabangua karanga mlangoni kwake, jua limesimama utosini. Kosa lake macho mekundu. Macho ya Mama nayo ni mekundu, si unajua jiko letu linavyofuka. Nilimwambia aache kupikia kuni mbichi. Akaniuliza, "Na kulia je, niache?"

Baba mdogo Laurenti alikuja. Hakukaa hata kwenye kigoda. Alisema Mama apelekwe kwa mganga akanyolewe uchawi, akila dawa watu watatulia, au ahamie kwa dada yake kabla ya mvua. Mama alikataa kunyolewa. Mimi nilikataa kuhama, kwa sababu mtu akikimbia watasema ndiyo yeye, na watu wa sampuli hii wanajua njia ya kila mahali.

Unakumbuka ulivyotueleza wakati tunakula, yale uliyosikia kwenye kipindi cha redio? Kwamba huko Ulaya wanachukua waya wa aina yake, wanaupoza kwa baridi ambayo haijawahi kuwepo hata juu ya mlima, mpaka umeme unazunguka ndani yake bila kuchoka wala kupungua, na sumaku inayotokea hapo ina nguvu ajabu. Na kwamba mgonjwa anaingizwa katikati ya sumaku hiyo, nayo inawaonyesha madaktari mwili wake ndani bila kumpasua. Ulikuwa umesahau kula. Mama akasema, "Wanaangalia ndani ya mtu wanatafuta nini?" Tukacheka. Siku hizi naiota mashine hiyo. Natamani ije hapa Ugalla, waiweke uwanjani, wamwingize Mama, kijiji kizima kipange foleni kimtazame ndani. Waone ini, waone moyo, waone hakuna radi.

Yaliyotuokoa, kwa muda, ni maneno yako mwenyewe. Ulikuwa unanigombeza nikiweka spika karibu na jiko: "Toa hapo, moto unaua sumaku!" Nikakumbuka ukisema chuma kikiwa chekundu zile sumaku ndogo zinatawanyika, kila moja inarudi kutazama kwake. Nikaenda kwa Mzee Sikazwe, yule Mfipa mhunzi wa majembe. Hakunishangaa. Alisema chuma kilichoiva hakishikwi na sumaku, hilo analijua tangu ujana wake. Akaenda mwenyewe kwa kamanda.

Kamanda aliamuru Mama akibebe kisu kwa mkono wake mpaka kwa mhunzi. Watu walipanga mstari pande zote mbili za njia. Nilitembea nyuma yake. Nilikuwa naangalia mikono ya watu, nani kashika nini. Mama alitembea bila kugeuka, midomo ikicheza, anasali kwa Kirundi, na mimi moyoni namwambia sali kimya, Mama, tafadhali, wasisikie.

Mzee Sikazwe akavukuta. Kisu kikawa chekundu, kikawa cha rangi ya chungwa, akakitoa kwa koleo, akakiacha kipoe juu ya mchanga. Kamanda akaleta ile ile sindano ya Mama Nestori. Akaisogeza. Ikalala. Akaisogeza tena mpaka ikagusa. Ikalala.

"Kimetoka!" mtu akapaza sauti, na vigelegele vikaanza. Mama Nestori akamkumbatia Mama akilia. Nilifungua mdomo niseme kwamba hakuna kilichotoka, kwamba hakukuwa na kitu cha kutoka, na Mzee Sikazwe akanikanyaga mguu kwa nguvu. Nikayameza maneno. Bado sijui kama alinisaidia. Kwa sababu kamanda alinyamazisha watu akasema, "Haya. Sasa tungoje mvua. Radi ikipiga mtu humu kijijini, tutajua nyie wawili mlituchezea."

Tangu siku hiyo nimeishi nikihesabiwa na mawingu. Kilichobaki cha antena yako nimekishusha, nisamehe, na mlingoti nimeukata kuni. Nimepitisha sindano kwenye kila chuma cha nyumba hii: majembe, bawaba, vijiti vya baiskeli, kijiko kile chenye kutu. Kilichovuta nimekipitisha motoni mwenyewe, jikoni, kidogo kidogo. Nikaanza kulala usingizi wa maana. Nikadhani nimemaliza.

Sasa sikiliza lililonifanya nikuandikie leo.

Jumapili, baada ya ibada, Mama alikwenda kung'oa majani kwenye kaburi lako. Alirudi akiwa ameshika kifua cha khanga, pale anapobanaga pini yake. Akanivuta mkono bila kusema, tukarudi wote makaburini. Akachomoa pini, akaifunga uzi, akaisogeza kwenye msalaba wako. Pini ikaondoka kwenye wima wake, ikaenda ikanata.

Msalaba wako, Baba, ni vile vipande viwili vya springi ya lori ulivyokuwa unagongea vyuma mezani. Hatukuwa na cha kununulia mwingine. Baba mdogo alivifunga kwa waya tu, havikupita kwa mhunzi, na mimi katika kupima vyuma vya nyumbani nilisahau kwamba hivyo viwili umekwenda navyo. Miezi yote hii msalaba umesimama hapo katikati ya makaburi ya watu, njia ya watoto wanaokwenda kuchunga, unavuta.

Nikaanza kumweleza Mama. Springi, nikamwambia, ilikuwa hapo mezani, chini ya rafu ya kisu. Hakunisikiliza. Alikaa chini kando yako na akasema jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu. Asubuhi ya siku ile ya radi mligombana. Ulikuwa umeahidi kupaua jiko, ukakaa na redio. Alikwambia, "Na hiyo antena yako, radi ikupige nayo!" Kisha akaenda kwenye mihogo yake.

Akaniuliza, "Mwanangu, wewe uliyesoma kwa baba yako. Ni mimi?"

Nataka nikuambie kwamba nilimkumbatia mara moja. Sikumkumbatia mara moja. Nilitazama mikono yake. Nilimwogopa mama yangu, Baba, hapo hapo juu yako, kwa muda wa kuvuta pumzi, pamoja na yote uliyonifundisha. Ikiwa mimi nimeogopa, wengine watafanya nini?

Nikamwambia ni waya, Mama, radi ilifuata waya. Akasema, "Waya ulikuwepo mwaka jana. Mbona mwaka jana haukumuua?" Radi haipigi kila waya kila mwaka, hilo ndilo jibu, nimelipata baadaye nikiwa nachambua mchicha, lakini pale lisingemfaa kitu. Yeye haulizi habari za radi. Anauliza kama mtu anaweza kumuua mumewe kwa mdomo, kwa ajili ya jiko. Sasa hali chakula. Jana kamanda alipopita njiani, nilimwona Mama anajiinua kama mtu anayetaka kumfuata. Nilimshika nguo. Nilielewa alichotaka kwenda kusema. Hawatahitaji radi nyingine. Atajipeleka mwenyewe.

Basi nimeamua. Kesho watu wakiwa wamekwenda shamba, Mama na mimi tutakuja. Mzee Sikazwe ameshakubali, atawasha moto mapema. Tutaupitisha msalaba kipande kwa kipande mpaka uache kuvuta, halafu yeye ataupiga vizuri, uwe msalaba wa kueleweka, siyo ule wa kufungwa na waya. Akiuliza mtu, tutasema tunautengeneza.

Na kabla ya moto nitamkalisha Mama na msumari mpya. Nitamwambia aulaani. Aseme maneno yale yale, kwa sauti yake ya hasira, mara nyingi kadiri anavyotaka, kwa Kiswahili na kwa Kirundi, aite radi mpaka akauke koo. Kisha ausogeze kwenye pini aone kama umebadilika hata chembe. Halafu nimpe waya na betri, afunge mdomo, asiseme neno lolote, aguse mwenyewe. Auone ukivuta wakati yeye amenyamaza. Sijui kama atauamini msumari kuliko anavyoiamini asubuhi ile. Kamanda na watu wake hawakuuamini. Lakini wao hawakulala na wewe kitanda kimoja, hawakusikia ukieleza mambo haya gizani mpaka mtu anasinzia. Labda atakusikia.

Nakuahidi mambo mawili. Simwachi peke yake, siendi kisimani, siendi sokoni, mpaka mvua hizi zipite. Na jiko nitalipaua mimi.

Kwaheri, Baba. Wingu lingine limeanza kukusanyika upande wa mtoni na Mama ananiita. Kesho ukisikia watu wanang'oa chuma juu yako, usishtuke. Ni sisi. Na ukisikia sauti yake ikilaani, mvumilie, haisemi na wewe.

Binti yako,
Spesioza